Bidhaa bado iko mezani, nianze lini kudhibiti nyaraka? Mwongozo kwa anayeanza

Hili swali nimeulizwa mara nyingi mpaka nimeona niliandikie kabisa niwe natuma tu. Linakuja kwa sura tofauti ila ni lile lile: tuko mwanzoni kabisa, tuna michoro michache na prototaipu moja (kifaa cha mfano cha kujaribia), je tuanze kuweka namba za matoleo na saini saivi au tusubiri mpaka bidhaa ikae sawa? Na ukiuliza huku na kule utakuta watu wa aina mbili. Kuna anayesema dhibiti kila kitu toka siku ya kwanza, na kuna anayesema we buni kwanza, makaratasi utayamalizia mwishoni. Wa kwanza atakufanya ukusanye saini tatu ili kubadilisha skrubu ambayo kesho utaitupa. Wa pili atakuacha siku ya ukaguzi unatafuta nani aliamua unene wa ukuta wa plastiki uwe hivyo na kwa nini, na hamna anayekumbuka.

Mimi naenda hivi: achana na kalenda, achana na "tumefika asilimia ngapi". Angalia nani anaitumia hiyo karatasi. Siku mtu mwingine ambaye siyo wewe uliyeichora anaishika na kukata kitu, kuagiza kitu, kupima kitu au kupitisha uamuzi, hiyo karatasi iwe na namba, toleo na tarehe. Kabla ya hapo ni daftari lako, fanya utakavyo.

Nilijifunza kwa hela. Tulikuwa watu wanne chumba kimoja tunatengeneza kasha la kifaa cha kupimia joto, sasa watu wanne wanaokaa meza moja udhibiti wa nyaraka wa nini, si tunaongea tu. Faili la kifuniko lilikuwa linaitwa kifuniko_mwisho, likazaa kifuniko_mwisho2, likazaa kifuniko_mwisho_KWELI. Bodi ya saketi ikabadilika, nikasogeza matundu mawili ya skrubu kutoka umbali wa mm 62 kwenda mm 64.5, nikasevu, nikamwambia mwenzangu kwa mdomo. Kumbe yeye alishamtumia fundi wa leiza faili asubuhi. Fundi wa watu akauliza vizuri tu kwenye meseji, "Bosi, ni hii hii ya asubuhi?" akajibiwa "ndio kaka". Vifuniko 40 vikarudi na matundu ya mm 62. Kinachouma ni kwamba ukimkamata mmoja mmoja hakuna mwenye kosa, kila mtu alikuwa sahihi kwa faili alilokuwa nalo.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Folda moja ya pamoja ambayo kila mtu anajua ndiyo hiyo. Siyo mbili, siyo moja pamoja na laptop ya injinia mkuu.
- Rejista, yaani orodha moja ya nyaraka zote na toleo la kila moja. Jedwali la Excel linatosha kabisa mpaka nyaraka zako zifike mia na kitu.
- Mtu mmoja wa kushika rejista, na mwingine wa kumshikia akiwa hayupo. Ukisema "sote tunahusika" ujue hahusiki mtu.
- Kichwa cha waraka kimoja kwa wote: namba, jina, toleo, tarehe, aliyeandika, aliyepitia.
- Kama masaa mawili ya kukaa pamoja na kukubaliana. Usiyaruke haya, maana mfumo ambao umeuunda peke yako usiku utautumia peke yako.

Programu ya kulipia huihitaji kwa sasa. Watu wengi wanakimbilia kununua programu halafu wanaingiza humo fujo ile ile waliyokuwa nayo kwenye folda, sasa wanailipia kila mwezi.

Nadharia ni moja tu na nitaisema haraka. Kuna waraka na kuna kumbukumbu. Waraka unasema kitu kifanyweje (mchoro, maelekezo ya kupima, orodha ya mahitaji), huo unabadilika, ndo maana una matoleo. Kumbukumbu inasema kilichotokea (matokeo ya kipimo, maamuzi ya kikao), hiyo haibadiliki, unaweka tarehe na jina basi. Matokeo ya kipimo cha jana hayana "toleo la 2". Kama ulikosea kuandika, unapiga mstari mmoja ili la zamani lisomeke, unaandika sahihi pembeni, saini na tarehe. ISO 9001:2015, kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa ubora, kwenye kifungu cha 7.5 imeviita vyote kwa jina moja, lakini ukisoma vizuri bado inatenganisha vile vya kuendelea kuviboresha na vile vya kuhifadhi kama ushahidi.

Hatua kwa hatua

1. Kubalianeni ngazi tatu. Hapa ndo moyo wa kazi wote ulipo, maana wanaoanza wanafikiri kitu kinadhibitiwa au hakidhibitiwi, kama swichi ya taa. Fanya hivi:

Ngazi ya daftari ni mawazo, hesabu za haraka, michoro ya mkono, mafaili ya kujaribu jaribu. Hakuna namba, hakuna saini. Masharti mawili tu, weka tarehe na jina lako, na usifute. Wazo ulilolikataa mwezi wa pili litarudi mwezi wa nane na mtu mpya atalileta kama lake, utataka kuonyesha kwa nini mlilikataa.

Ngazi ya majaribio ni chochote kinachotoka mkononi mwako kwenda kwa mtu mwingine kikatumike. Hapa kuna namba, toleo, tarehe na mtu mmoja wa kupitia asiyekuwa wewe. Kupitia kuchukue dakika kumi, siyo wiki. Meseji ya "nimepitia MCH-0007 toleo 03, sawa" (MCH-0007 ni namba ya mchoro) inatosha ilimradi uihifadhi.

Ngazi rasmi ni ile ya vitabuni, saini za watu wanaohusika, hakuna kubadilisha bila fomu ya mabadiliko. Huku unapanda baadaye, nitasema lini kwenye hatua ya 8.

2. Anza na mahitaji, siyo michoro. Hii inawashangaza watu. Wakisikia udhibiti wa nyaraka akili inaenda kwenye michoro, wakati waraka wa kwanza kabisa kupewa namba unatakiwa uwe ule unaosema bidhaa inatakiwa ifanye nini na kwa ajili ya nani. Mchoro ukibadilika bila taarifa unapoteza vipande kadhaa, lakini mahitaji yakibadilika bila taarifa watu wawili wanajenga bidhaa mbili tofauti wakiwa meza moja, mmoja anajua betri ikae masaa 8 na mwenzie alishasikia kwenye kikao kwamba ni 24. Nimeona hilo likitokea kwenye timu ya watu watatu!

Kwa hiyo mpangilio wangu: mahitaji kwanza, kisha orodha ya hatari (kitu gani kinaweza kumuumiza mtumiaji na mmefanya nini juu yake), kisha orodha ya sehemu zinazounda bidhaa, kisha maelekezo ya kupima, michoro inafuata kadiri inavyotoka nje. Usisubiri orodha ya sehemu ikamilike. Iwe na sehemu sita huku nyingine zimeandikwa "bado", ilimradi ni moja na ina toleo.

3. Namba ziwe za kijinga. Yaani namba isiyokwambia kitu. MCH-0001, MCH-0002 kwa michoro, MHT-0001 kwa mahitaji, MPM-0001 kwa maelekezo ya kupima, inatosha. Kuna kishawishi kikubwa cha kutunga namba yenye akili, mradi-mfumo-sehemu-rangi-mwaka, inapendeza siku ya kwanza. Baada ya miezi mitatu sehemu inahamia kwenye mfumo mwingine na namba inakuwa inadanganya, afu huwezi kuibadilisha maana imeshachapishwa kila mahali. Maelezo yote weka kwenye rejista, huko yanabadilika bila kumsumbua mtu.

4. Tenganisha matoleo ya majaribio na ya rasmi kwa macho. Mimi natumia tarakimu kwa majaribio (01, 02, 03) na herufi kwa rasmi (A, B, C). Wengine wanafanya kinyume, haina shida, shida ni kuchanganya. Faida yake ni kwamba fundi akiona 04 kwenye mchoro anajua hiki ni kitu cha kujaribu hata kama hajawahi kusoma utaratibu wenu. Ukitumia herufi ruka I, O, Q, S, X na Z, kiwango cha ASME Y14.35 cha michoro kinaziacha hizo sababu zinachanganywa na tarakimu au herufi nyingine. Ukiwahi kubishana na mtu kama ile ni O au sifuri kwenye fotokopi iliyofifia utanielewa.

Tarehe andika mwaka-mwezi-siku, 2025-03-04. Ukiandika 04/03 kuna mtu atasoma Machi na mwingine Aprili. Na mafaili yanajipanga yenyewe kwa mpangilio wa tarehe, raha.

5. Fungua rejista. Mstari mmoja kwa kila waraka, na usizidishe safu, watu wataacha kujaza. Yangu ilikuwa hivi:

MCH-0007 | Kifuniko cha juu | toleo 03 | 2025-03-04 | ngazi: majaribio | aliyepitia: (jina) | limetumwa kwa: fundi wa leiza | kilichobadilika: umbali wa matundu mm 62 kwenda 64.5, bodi mpya

Hiyo safu ya "limetumwa kwa" ndiyo watu wanaisahau, na ndiyo ingeniokolea vile vifuniko 40. Kubadilisha faili ni rahisi. Kazi ni kujua nani ameshika la zamani, umpigie.

6. Faili linalotoka nje liwe limeganda. Tuma PDF, na kama ni umbo la kutengeneza tuma pamoja na STEP (faili la umbo la 3D ambalo programu nyingi za uchoraji zinalifungua), jina la faili libebe namba na toleo: MCH-0007_03. Usimpe mtu wa nje linki ya folda mnayoendelea kuifanyia kazi, maana akifungua Jumatatu ataona kitu kimoja na Jumatano kingine na wote mtaamini mnaongelea kitu kile kile. Kwenye oda yenyewe andika "MCH-0007 toleo 03" kwa maneno, siyo "kama tulivyoongea".

Na prototaipu nayo iandikwe. Kalamu ya wino usiofutika, nyuma ya kasha, namba ya kipande na matoleo yaliyotumika. Unajisikia mjinga ukiandika, lakini meza ikishakuwa na makasha matano yanayofanana na moja ndo lilipita kipimo cha maji, hutojisikia mjinga tena. Onyo: kipimo kilichofanywa kwenye kipande ambacho hujui kimetengenezwa kwa toleo gani huwezi kukitumia kama ushahidi, utakirudia tu.

7. Mabadiliko yaandikwe mistari mitatu. Nini kimebadilika, kwa nini, na vile vilivyokwisha kutengenezwa au kuagizwa vifanyweje (tumia, rekebisha, tupa). Hakuna fomu ya kurasa nne kwenye ngazi ya majaribio. Hiyo "kwa nini" isiwe "imeboreshwa", hilo si jibu. Andika "bodi mpya ni pana kwa mm 2.5".

Swali linalofuata hapa kila mara: hii ni toleo jipya au namba mpya? Kipimo cha zamani cha mainjinia ni umbo, mkao na kazi. Kama cha zamani na kipya vinaweza kuwekwa sanduku moja na mtu akachukua chochote bila kuangalia na bidhaa ikafanya kazi vile vile, ni toleo jipya. Kama haviwezi kubadilishana, namba mpya. Kwenye hatua za mwanzo unaweza kulegeza hili kwa sababu sanduku lenyewe hamna, ila ukishaanza kuweka stoo usilegeze.

8. Jua siku ya kupanda ngazi rasmi. Usipandishe vyote kwa mpigo, kila waraka na siku yake. Ishara ninazoziangalia:

Unakaribia kulipia kitu ambacho hakirudi nyuma, kama kalibu ya kumiminia plastiki au oda kubwa ya bodi. Mchoro huo uwe rasmi kabla hela haijatoka.

Unakwenda kufanya kipimo ambacho matokeo yake utamwonyesha mtu wa nje (mteja, mkaguzi, mamlaka) kuthibitisha kwamba bidhaa inatimiza mahitaji. Mahitaji yenyewe, maelekezo ya kipimo na michoro ya kipande kinachopimwa, vyote viwe rasmi kabla ya kipimo. Ukiandika maelekezo baada ya kuona matokeo ujue umejitungia mtihani na majibu ukiwa nayo.

Mtu ambaye si wa timu anakwenda kukitumia kifaa. Timu imeingiza mtu ambaye hakuwepo kwenye mazungumzo ya mwanzo.

Kwa vifaa tiba usitumie hisia, kuna mstari umechorwa. ISO 13485:2016, kiwango cha ubora cha vifaa tiba, inadai udhibiti wa nyaraka kwenye 4.2.4 na udhibiti wa usanifu kwenye 7.3. Marekani, FDA (mamlaka yao ya chakula, dawa na vifaa tiba) ilivyotoa kanuni yake mwaka 1996 ilieleza kwenye utangulizi kwamba udhibiti wa usanifu haukukusudiwa kwa kazi ya kutafuta wazo na kuona kama linawezekana, ila mkishaamua kwamba bidhaa hii tunaitengeneza, mpango lazima uwepo. Toka tarehe 2 Februari 2026 kanuni yao yenyewe imeichukua ISO 13485:2016 ndani yake, kwa hiyo ukijipanga kwa hiyo moja umeshika sehemu kubwa ya kote kuwili, ingawa FDA ina nyongeza zake chache. Maana yake kwako: kile kikao mlichosema "haya, tunaitengeneza" kiandikwe. Tarehe, waliokuwepo, uamuzi. Ni ukurasa mmoja, na wengi hawana, halafu wanabaki kubishana na mkaguzi kama kazi fulani ilikuwa utafiti au usanifu.

Makosa ninayokutana nayo zaidi

Kuiga utaratibu wa kampuni kubwa uliopakuliwa mtandaoni, kurasa 30, unataja idara ambazo hamna. Mkaguzi atakukagua kwa ulichoandika mwenyewe, sasa ukiandika kwamba kila mchoro unapitiwa na watu watano na nyie mko wanne, umejifunga kamba. Andika kurasa mbili za kile mnachofanya kweli.

Lingine ni kufuta matoleo ya zamani ili folda iwe safi. Hapana jamani. Hamishia kwenye folda ya "yaliyopitwa" ambayo watu wanaweza kusoma tu. Kwenye vifaa tiba kumbukumbu zinatakiwa zidumu angalau umri wa kifaa ulioutaja mwenyewe na isipungue miaka miwili toka kifaa kitolewe, na nakala ya waraka uliopitwa nayo inabaki muda wote huo.

Na saini ya kufurahishana. Kama anayepitia anajibu "sawa" ndani ya sekunde ishirini kwenye mchoro wa kurasa sita, hajapitia. Mwombe akuandikie kitu kimoja alichokikagua.

Ikikwama

*Tumeshachelewa, tuna mwaka mzima wa mafaili bila namba.* Usijaribu kufufua historia. Chagua siku moja, kusanya kile ambacho kila mtu anakubali ndicho cha sasa, kipe toleo 01 na tarehe ya leo, vingine vyote vifungie kwenye folda inayoitwa "kabla ya" na hiyo tarehe. Halafu andika nusu ukurasa kueleza mlichofanya. Onyo kubwa: usirudishe tarehe nyuma, hata kidogo, hata kama kila mtu anajua kazi ilifanyika kweli mwezi wa tatu. Kuchelewa kunasameheka, tarehe ya uongo ikigundulika wanaanza kutilia shaka hata zile za kweli.

*Mainjinia wanakwepa, wanatumiana mafaili pembeni.* Mara nyingi ni kwa sababu njia halali ni ndefu kuliko ya panya. Kaa na mmoja, hesabu inamchukua muda gani kutoa toleo jipya toka anamaliza kuchora. Kama inazidi robo saa kwenye ngazi ya majaribio, punguza mfumo kabla hujamlaumu mtu.

*Mchoro mmoja umefika toleo 17.* Hakuna ubaya, ndo kubuni kwenyewe. Ila soma zile "kwa nini" kumi na saba. Kama kipimo kile kile kinakwenda mbele na kurudi, 62, 64, 62, 63, mchoro hauna tatizo, kuna hitaji ambalo hamjakubaliana na linajificha hapo.

*Programu ya ndani ya kifaa iko kwenye Git, nayo niipe namba?* Git, ile programu ya kutunza matoleo ya kodi, imeshakufanyia kazi kubwa, usianzishe rejista ya pili ya kila badiliko. Weka alama kwenye toleo mnalolipakia kwenye kifaa cha majaribio, na hiyo alama iandike kwenye orodha ya sehemu kama unavyoandika skrubu. Kifaa kilichopimwa bila kujua kilikuwa na programu ipi ni kama lile kasha lisiloandikwa nyuma.

*Watu wanachapisha na kubandika ukutani, wiki mbili baadaye ni la zamani.* Huwezi kuwazuia, karakana inahitaji karatasi. Weka maandishi chini ya kila ukurasa, "nakala iliyochapishwa, hakikisha toleo kwenye rejista", afu yule mshika rejista akitoa toleo jipya azunguke mwenyewe ang'oe la zamani. Kwenye timu ya watu kumi ni dakika tano. Mimi huwa nazunguka na kalamu nyekundu, nikikuta nakala yenye vipimo vya mtu vimeandikwa pembeni kwa mkono siitupi, nampelekea mchoraji kwanza, maana mara nyingi fundi ameshaona kosa ambalo sisi bado.